Je, Wajua? Simu ya Nyumbani Bila Waya wa Posta, Kutoka Busia Hadi Tororo

Nyumba nyingi za Busia na Tororo, kwenye ukanda wa mpaka wa Kenya na Uganda, hazijawahi kuona waya wa simu. Wenyewe walianza moja kwa moja na simu ya mkononi, na ile simu ya mezani ikabaki kuwa kitu cha ofisi za serikali, benki na misheni. Leo simu ya mezani inaweza kuingia nyumba yoyote yenye intaneti, ikiwa na kengele yake na namba yake, bila fundi wa posta kupanda nguzo. Kila inachohitaji tayari kinapita karibu na mlango wako. Tazama basi maajabu yaliyojificha nyuma ya "haloo" moja.

Intaneti ya Uganda hupiga hodi mpakani kwanza

Uganda haina hata shubiri moja ya pwani. Sehemu kubwa ya intaneti yake hutua Mombasa, hupanda bara kwa nyaya za faiba, kisha huvuka mpaka pale Busia na Malaba. Mlango mwingine uko Mutukula, upande wa Tanzania. Kwa hiyo video anayoitazama mtu wa Kampala huenda imepita Busia kabla ya kumfikia. Anayefunga simu ya intaneti katika miji hii ya mpakani hayuko pembezoni hata kidogo: anaishi kando ya barabara kuu ya mawasiliano.

Kutoka Ghuba hadi Mombasa kwa sehemu ya arobaini ya sekunde

Kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, inaanzia Fujairah katika Falme za Kiarabu, umbali wa karibu kilomita 5,000 chini ya bahari. Mwanga ndani ya kioo cha faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ambayo majahazi ya kaskazi yaliimaliza kwa wiki kadhaa, sauti huimaliza kwa milisekunde 25. Mwaka huo huo ilifika SEACOM, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Hapo ndipo mazungumzo ya intaneti na ndugu walioko Dubai au Muscat yalipoanza kuwa laini.

Umeme waenda mashariki, maneno yaelekea magharibi

Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu miaka hiyo ya 1950 umeme wa Uganda umekuwa ukipita Tororo kwenda Kenya kwa nyaya za msongo mkubwa. Nusu karne baadaye intaneti ikaja kwa upande wa pili: kutoka baharini, kupitia Kenya, kuingia Uganda. Simu ya intaneti inavihitaji vyote viwili, umeme na data, na ukanda huu mdogo ndio mahali vinapopishana.

Sauti yako hupimwa mara 8,000 kila sekunde

Unapozungumza kwenye simu ya intaneti ya kawaida, kifaa hupima kimo cha wimbi la sauti yako mara 8,000 kwa sekunde na kuandika namba kwa kila kipimo. Salamu ya "mulembe" inayochukua nusu sekunde kutamkwa tayari ni namba 4,000. Hiyo ndiyo siri yote: sauti ikishageuka namba, inaweza kusafiri popote namba zinapoweza kusafiri, na haihitaji tena waya wake pekee kutoka nyumba hadi nyumba.

Kila sekunde unatuma barua 50

Namba hizo hazitumwi kama mto unaotiririka. Hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande hutiwa ndani ya pakiti yenye anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, kama barua ndani ya bahasha. Hizo ni pakiti 50 kwa sekunde, 3,000 kwa dakika. Mama akipiga gumzo la dakika kumi kutoka Busia na dada yake wa Tororo, ametuma pakiti 30,000 na kupokea nyingine 30,000, na kila moja imetafuta njia yake yenyewe.

Pakiti iliyopotea haitafutwi

Ukituma picha na kipande chake kikapotea njiani, intaneti hukituma tena mpaka kifike. Kwenye simu mambo ni kinyume: kipande kilichopotea huachwa kabisa, kwa sababu neno linaloletwa likiwa limechelewa huvuruga mazungumzo kuliko neno lililokosekana. Kifaa cha upande wa pili huziba pengo kwa kukisia kutokana na sauti iliyotangulia, na sikio mara nyingi halitambui. Ndiyo maana sauti hukwaruza kidogo mtandao unapoyumba, lakini mazungumzo hayasimami.

Ukimya unaousikia hutengenezwa

Katika mazungumzo ya watu wawili, kila mmoja husikiliza takriban nusu ya muda, na mifumo mingine huacha kutuma sauti yako unyamazapo ili kuokoa data. Lakini ukimya mtupu huogopesha, msikilizaji hudhani laini imekatika na kuanza kuita "haloo, haloo!" Basi wahandisi walibuni mvumo hafifu wa bandia unaochezwa sikioni mwako wakati mwenzako amenyamaza. Kwa hiyo huenda mvumo unaoudhania wa chumba cha Tororo umetengenezwa na kifaa kilicho mezani pako Busia.

GB moja ni karibu saa 14 za maongezi

Simu inayotumia mfumo wa G.711, ule ule unaobeba sauti isiyobanwa kwenye mitambo ya simu, hula takriban MB 1.2 kwa dakika, kwenda na kurudi. GB moja basi inatosha karibu saa 14. Ukitumia G.729, unaoibana sauti, GB hiyo hiyo hufika takriban saa 46. Anayenunua bando la mwezi kwa ajili ya watoto kutazama video ana maongezi ya kutosha ndani yake bila kuongeza hata shilingi.

Kasi ndogo inatosha, utulivu ndio ghali

Simu moja ya G.711 inahitaji takriban kilobiti 80 hadi 90 kwa sekunde kila upande, chini ya sehemu ya kumi ya megabiti moja. Modemu ya 4G iliyowekwa dirishani pa Busia hubeba mzigo huo bila jasho. Kinachoiharibu simu ni pakiti kufika kwa kurukaruka, hasa mtu mwingine nyumbani anapopandisha video kwa mkupuo. Ruta nyingi zina sehemu ya kutanguliza sauti. Ukiiwasha, maongezi hupewa njia kwanza na video inasubiri kidogo.

Mlio wa "tuuu" hutoka kwenye kisanduku chako mwenyewe

Hapa ndipo pa kushika kwa mikono. Unahitaji ruta yenye intaneti, simu ya mezani ya kawaida, akaunti kutoka kwa mtoa huduma, na adapta: kisanduku kinachoenea kiganjani, chenye tundu pana la waya wa mtandao na tundu jembamba la waya wa simu. Tundu pana linaunganishwa na ruta, jembamba linaingia simu. Kupitia ukurasa wa kisanduku kwenye kompyuta unaandika vitu vitatu: jina la akaunti, nywila na anwani ya seva. Ikiwa hujui ukurasa huo uko wapi, visanduku vingi vina msaada: bonyeza alama ya nyota mara kadhaa kwenye simu, na sauti itakusomea anwani namba kwa namba. Taa ya simu ikitulia bila kupepesa, nyanyua mkono wa simu. Ule mlio wa "tuuu" wa zamani, uliokuwa ukitoka kwenye mitambo ya posta mjini, sasa umetengenezwa na kisanduku hicho kilicho nusu mita kutoka sikioni mwako.

Simu ya zamani ilikula umeme wa posta

Waya wa shaba wa simu ulibeba umeme wake mwenyewe, takriban volti 48, na kengele ilipolia volti zilipanda hadi karibu 90. Ndiyo maana simu za zamani ziliendelea kufanya kazi hata mji mzima ukiwa gizani. Adapta huiga volti hizo kwa umeme wa nyumbani kwako, basi stima zikipotea nayo hunyamaza. Dawa ni betri ndogo ya kuhifadhia umeme inayolisha ruta na adapta pamoja. Vyote viwili hutumia umeme mdogo kuliko balbu nyingi za kizamani, na hata mfumo wa sola wa kawaida huvimudu.

Namba yako haikai tena kwenye nyumba

Zamani namba ya simu ilikuwa ya ukuta: ukihama, unaiacha. Namba ya intaneti hukaa kwenye akaunti, na kisanduku chako huiarifu seva kila baada ya muda, "niko hapa, nipigie kwa njia hii." Kifungashe mkobani Busia, kivushe mpaka, kichomeke kwenye ruta ya shemeji Tororo, na simu italia huko kwa namba ile ile. Lakini kumbuka upande wa pili wa uhuru huo: ukipiga 999 au 112, seva haiwezi kuhakikisha uko nyumba gani. Kwa hiyo taja kijiji na alama ya karibu mwanzo kabisa wa maelezo yako.

Nchi tatu, namba tatu zinazofuatana

Kenya ni 254, Tanzania 255, Uganda 256. Lakini kuna mlango wa pembeni unaojulikana na wachache: majirani hawa watatu walipeana njia fupi za kupigiana, 005 kwenda Kenya, 006 kwenda Uganda na 007 kwenda Tanzania, ili simu kati yao zihesabiwe kama za ndani ya ukanda. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika lake la pamoja la posta na simu likagawanyika vipande vitatu, lakini tarakimu zile ziliendelea kuziunganisha nchi tatu.

Mtandao wa simu uliosahau mpaka ulianzia kwetu

Mwezi Septemba 2006, kampuni ya simu ya Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mtandao mmoja: mteja alivuka mpaka na laini yake akapiga kwa bei ya wenyeji na kupokea bila malipo. Ulaya haikufuta gharama za kuzurura kati ya nchi zake mpaka Juni 2017. Mwaka 2014 serikali za ukanda huu nazo zilianza mpango wao wa mtandao mmoja, zikiweka kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika na kufuta malipo ya kupokea. Mchuuzi wa Busia aliyetembea hatua mia na kujikuta yuko ng'ambo alipata nafuu kabla ya mtalii wa Paris.

Mnara una kikomo cha kilomita 35, na kikomo hicho ni cha saa

Mnara wa kawaida wa 2G hauwezi kuihudumia simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama mawimbi yanafika vizuri. Sababu ni mahesabu ya muda: mfumo una hatua 63 za kurekebisha ucheleweshaji wa mawimbi, na kila hatua ni takriban mita 550. Sasa pima: kutoka Busia hadi Tororo kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 28 tu. Mawimbi hayasimami kuulizwa pasipoti, na ndiyo maana simu za watu wa mpakani hurukia mtandao wa ng'ambo wakiwa wamekaa sebuleni. Intaneti yako ikitegemea modemu ya 4G, ifunge kwenye mtandao mmoja kwa mkono ili isivuke mpaka usiku bila wewe kujua.

Kutoka Mwamba wa Tororo macho hufika kilomita 60

Mwamba wa Tororo, kisiki cha volkano ya kale, unasimama mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, takriban mita 300 juu ya mji. Kwa umbo la dunia lilivyo, aliyeko mita 300 juu ya nchi tambarare anaona karibu kilomita 60, zaidi ya mara mbili ya umbali wa kufika Busia. Mawimbi ya redio hupinda kidogo na kufika mbele zaidi ya macho. Ndiyo maana mafundi wa mawasiliano hupenda vilele: mita chache za kimo huokoa kilomita nyingi za waya.

Barua pepe ya jirani ilipitia Marekani

Mwaka 2000, ujumbe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili ungeweza kupanda satelaiti, kufika Marekani na kurudi, kwa sababu makampuni ya intaneti ya Kenya hayakuwa na mahali pa kukutana nyumbani. Kituo cha kubadilishana, KIXP, kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo, kikafungwa kwa amri baada ya wiki chache kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu ya Telkom, iliyokuwa na ukiritimba, kisha kikafunguliwa tena Februari 2002. Kampala ilipata kituo chake, UIXP, mwaka 2001. Simu ya intaneti kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda inafaidika na vituo hivi: njia ikifupika, mwitikio unawahi.

Nusu sekunde ilitosha kuwagonganisha wasemaji

Kwa miaka mingi Kenya iliongea na dunia kupitia kituo cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970 katika Bonde la Ufa. Satelaiti zake zilikuwa karibu kilomita 36,000 juu, hivyo sauti ilichukua takriban robo sekunde kufika na jibu robo nyingine. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 upande mmoja. Satelaiti za Starlink, zilizoanza huduma Kenya Julai 2023, huruka takriban kilomita 550 tu, na kwa hiyo hata boma lililo mbali na faiba linaweza kuongea bila watu kukatizana.

Sauti ya kwanza kwenye mtandao ni ya 1974

Watu hudhani simu ya intaneti ni mtoto wa juzi. Agosti 1974 watafiti wa Marekani walikuwa tayari wameongea kwa pakiti kupitia ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, wakitumia kanuni zilizobuniwa na Danny Cohen na wenzake. Ni miezi miwili kabla ya Muhammad Ali kumwangusha George Foreman pale Kinshasa. Programu ya kwanza ya kuuzwa kwa umma, ya kampuni ya VocalTec ya Israeli, ilitoka mwaka 1995, na Skype ikafuata mwezi Agosti 2003. Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025, baada ya kuwazoesha watu wa dunia nzima kuonana na jamaa zao wakiwa mbali.

Mwanamke aliyeiaminisha dunia simu ya intaneti

Marian Croak, mhandisi Mmarekani mweusi aliyeanzia Bell Labs, alishikilia kwamba sauti itahamia kwenye intaneti wakati wengi katika kampuni yake hawakuamini. Ana hataza zaidi ya 200, nyingi zikihusu sauti ya intaneti. Mwaka 2022 yeye na marehemu Patricia Bath, daktari wa macho, waliingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi wa Marekani, wanawake weusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Kila binti wa Tororo anayependa hesabu anastahili kulijua jina hilo.

Simu ya mkononi nayo imekuwa ya intaneti

4G haikujengwa na njia maalumu ya sauti kama 2G. Kila kitu ndani yake ni pakiti. Kwa hiyo simu ya 4G inapopigiwa ama hurudi nyuma kwenye 2G au 3G, ama hubeba sauti kama data. Kenya iliona hilo wazi mwezi Desemba 2017, Jamii Telecommunications ilipozindua Faiba 4G, mtandao usio na 2G wala 3G. Huenda basi umekuwa ukipiga simu za intaneti kwa miaka, kwa namba ya kawaida, bila mtu kukwambia.

S na F huishi juu ya mstari

Simu ya zamani hukata sauti yote iliyo juu ya takriban hezi 3,400, na tofauti kati ya S na F iko zaidi juu ya hapo. Ndiyo maana "suta" na "futa" husikika sawa na jina huombwa kurudiwa. Mfumo wa Opus, uliopitishwa mwaka 2012 na unaotumika bure, hupima sauti hadi mara 48,000 kwa sekunde, lakini ukikosa nguvu ya mtandao hushuka hadi kilobiti 6 tu. Adapta na huduma za nyote wawili zikiuelewa, shangazi atasikika kana kwamba ameketi chumba cha pili.

Shilingi 200 kwa siku ili kusema haloo

Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na humo zilikuwamo WhatsApp, Skype na Viber. Hatua chache ng'ambo, upande wa Kenya, kodi hiyo haikuwapo. Julai 2021 iliondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Anayepiga hesabu ya simu ya nyumbani Tororo aijumlishe kodi hiyo, kwa kuwa imo ndani ya bei ya bando.

Mkato mmoja wa kebo baharini hukwaruza simu ya Busia

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota papo hapo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Uganda ilizima intaneti yote kwa takriban siku tano. Matukio hayo yanafundisha jambo moja la busara: simu ya intaneti iwe ya kwanza nyumbani, lakini laini ya kawaida yenye salio kidogo isikose droo.

Mlango wa simu nao unataka kufuli

WhatsApp ilifunga mazungumzo yake yote kwa usimbaji fiche kutoka mwisho hadi mwisho mwezi Aprili 2016. Akaunti nyingi za simu ya mezani ya intaneti hazifanyi hivyo mpaka uchague usimbaji fiche katika mpangilio wa kisanduku. Chukua pia dakika moja kubadilisha nywila iliyokuja na kisanduku, kwa sababu wezi wa mitandaoni hutafuta akaunti zilizo wazi na kupigia nchi za mbali usiku kucha kwa bili ya mwenye nyumba.

Familia inaweza kuwa na mtambo wake wa simu

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1999 kijana wa Alabama, Mark Spencer, alihitaji mtambo wa simu wa ofisi, akaona bei, akaamua kuandika wake. Programu hiyo, Asterisk, hutolewa bure, na inaendeshwa hata na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi kama Raspberry Pi. Familia yenye nyumba Busia ya Kenya, duka Busia ya Uganda na mjomba Tororo inaweza kujipangia namba: 101 kwa mama, 102 dukani, 103 kwa mjomba. Simu hizo hazihesabiwi kuwa za nje ya nchi kwa sababu hazigusi mtambo wa kampuni yoyote ya simu. Kinachotumika ni data tu. Kuwauzia watu wengine huduma hiyo kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au Tume ya Mawasiliano ya Uganda, lakini hapa mnaongea tu ninyi kwa ninyi. Mwaka 1999 huo huo, Kenya nzima yenye watu milioni 28.7 ilikuwa na laini za waya takriban laki tatu, na Uganda haikufikisha laki moja. Leo nyumba moja ya mpakani inaweza kugawa namba kwa ukoo mzima katika nchi mbili, na ikabakiwa na nyingine za wajukuu.